Moto wa Kukodi Nchini Tandawingu

Msiniulize nilifikaje Tandawingu. Njia ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa mjinga, hayo yanatosha. Niseme tu kwamba nilifika nikisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na tanuri la chuma, kubwa kuliko kitanda changu na zito kuliko ukoo mzima wa mama yangu.

Mimi ni Ngwali, mwokaji mikate. Mdogo wangu Siwema aliolewa nchi hiyo, mumewe akafariki, akabaki na wanawe na duka dogo la mikate linalowalisha. Alinitumia salamu kupitia kwa wasafiri: Sikukuu ya Mkate imekaribia, maagizo yamenizidi, kaka njoo unisaidie kukanda. Mtu mwenye akili zake angeosha mikono akaenda. Mimi nikajisemea, masikini dada yangu, hana tanuri! Nikaling'oa langu, nikabomoa na ukuta ili lipite, nikaondoka. Majirani waliniaga kwa furaha ambayo wakati ule niliiita upendo.

Mpakani nilipokewa na Afisa wa Mizigo, mtu mpole mwenye miwani na muhuri. Alilizunguka tanuri langu, akalipigapiga ubavuni.

"Hiki ni nini, bwana?"

"Tanuri la kuokea mikate."

"Linaoka kila siku?"

"Wateja wakija."

"Na wasipokuja?"

"Linakaa."

"Linapokaa halikugharimu kitu?"

Nikacheka. Nikamweleza taratibu, kama mtu anayejua anavyomweleza asiyejua. Kuna kuni za kulipasha lisishike kutu. Kuna fundi wa kuziba nyufa, ambaye haji mpaka abembelezwe. Kuna chumba chake, tena kikavu, ili lisinyeshewe. Mimi mwenyewe nalala sebuleni. Afisa alisikiliza yote kwa adabu, kisha akavua miwani.

"Linakula hata siku lisipofanya kazi, limekutoa chumbani, na huwezi kulifukuza," alisema. "Kwetu kitu cha namna hiyo hatukiiti chombo. Tunakiita jamaa."

Akaligonga muhuri mlangoni: jamaa wa mgeni, ruhusa ya matembezi. Loo! Nikaingia nikijua kwamba nchi hii imejaa wehu, na kwamba wamshukuru Mungu nimefika.

Duka la Siwema lilikuwa la kutandika mkeka mmoja tu. Nilitafuta jiko, sikuliona. Nikatafuta moshi, hakuna. Kulikuwa na meza ya kukandia, magunia ya unga, na ukutani dirisha dogo la kupitisha sinia, limefungwa.

"Unaokea wapi, dada?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole nje. Juu ya mji kulikuwa na mlima, na nusu yake ya juu imefunikwa na wingu jeupe lisilotoka mahali pake masika wala kiangazi. "Moto uko kule juu, kaka. Hapa pana dirisha tu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Siwema, ambaye amenizoea tangu utotoni, alingoja nimalize. Kisha akasimama mbele ya dirisha, akasema neno lake la siri, likafunguka. Akaingiza donge. Akafunga. Hatukumaliza hata kuulizana habari za nyumbani, akafungua akatoa mkate.

Alinieleza mambo yao, nami nayaeleza hapa kama nilivyoyasikia. Kila mfanyabiashara wa Tandawingu ana dirisha. Mwokaji hupata moto, fundi cherehani hupata cherehani, mpiga chapa hupata mitambo. Vyombo vyenyewe viko mlimani, safu kwa safu, na kuna watu kazi yao ni kuvitunza kwa zamu. Anayetumia moto kidogo hulipia kidogo. Siku ya sikukuu anaomba moto wa kuokea mji mzima, anapewa, na kesho yake anarudi kwenye moto wake mdogo bila kubaki na jiko kubwa la kupigia picha. Tanuri moja likiharibika kule juu, donge lako huhamishiwa jingine na wewe hata habari huna. Wakigundua namna bora ya kuoka, unaamka asubuhi unaikuta dirishani. Hakuna fundi aliyebembelezwa, hakuna ukuta uliobomolewa.

"Tena dirisha linakumbuka," Siwema akasema. "Linaniambia unga umebaki kiasi gani, nani kaagiza nini, nani hapendi mkate wa sukari. Mvua za mwaka juzi zilibeba duka langu la zamani, kaka, hadi mlango. Nilibaki na nguo nilizovaa. Nikaenda kwa jirani nikaomba ukuta, watu wa mlimani wakaniwekea dirisha jipya, nikasema neno langu. Wateja wangu wote walikuwa mle, na maagizo yao, kama vile hakuna kilichotokea. Siku ya pili nikauza."

"Bahati hiyo," nikamwambia.

Akanikatia kipande cha mkate. Nikakitafuna. Nikasema si mbaya, nikaomba maji.

Ndipo akanieleza sheria ya sikukuu, na hapo hakucheka. Siku hiyo kila mwokaji hulisha mtaa wake. Jua likifika utosini na mtaa haujala, duka la mwokaji linafungwa mwaka mzima, hakuna rufaa. Siwema alikuwa na mtaa mrefu, na watoto wanaokula kutokana na duka hilo. "Ndiyo maana nimekuita," akasema. Nikampigapiga begani, nikamwambia asiwe na wasiwasi, tanuri limefika.

Siku zilizobaki nilizitumia kuchunguza desturi za nchi, yaani nilizurura huku dada yangu akikanda peke yake.

Kuna Sheria ya Kukubali. Mtu akitaka dirisha, huletewa msomaji wa serikali amsomee masharti. Masharti ni marefu hivi kwamba msomaji huja na mto wa kukalia. Lakini sikuona hata mara moja akifika kwenye sentensi ya pili, maana akishafungua kinywa tu, mwenye duka hupiga kelele "Nakubali!" na kuendelea na shughuli zake. Nilimuuliza msomaji kama yupo aliyewahi kusikiliza mpaka mwisho. Akasema alikuwepo mmoja, akazeekea pale pale, na alipofika mwisho masharti yalikuwa yamebadilishwa. Nikamuuliza yeye mwenyewe anajua kilichomo? Akanitazama kwa mshangao, akasema yeye alishakubali zamani.

Kuna pia Sheria ya Neno la Siri. Neno lazima liwe na tarakimu, na jina la mnyama, na alama isiyotamkika, na lisifanane na neno lingine lolote. Raia wanaitii sheria hii kikamilifu. Kisha wanaliandika neno kwa chaki juu ya dirisha wasije wakalisahau. Nilipita mtaa mzima nikisoma siri za watu kama mabango. Siwema hakuandika, lakini neno lake lilikuwa jina la kitinda mimba wake, Shomvi, alilosajili kabla sheria haijakazwa. Na Shomvi huitwa kwa sauti kuu kila siku chakula kikiiva.

Jioni moja nilihudhuria Baraza la Moto, ambako hoja ni ile ile miaka yote: moto ukae nyumbani au ukodiwe mlimani? Bwana Dadi, muuza kuni wa zamani, alisimama akasema moto usiouona si wako. "Na siku mlima ukifunga? Na siku wakipandisha bei? Mtafanya nini, mtaoka kwa pumzi?" Nilimpenda papo hapo. Akajibiwa na Bi Kazija, Afisa wa Madirisha, mwanamke mfupi wa maneno machache. Alikiri kwamba zipo siku ukungu hushuka na madirisha hugoma, na mwenye busara huweka mikate ya akiba. Akakiri bei hupanda, ndiyo maana kila mtu ana haki ya kushusha mapishi yake na wateja wake na kuhamia mlima mwingine, ingawa wengi hawaijui haki hiyo kwa sababu imo kwenye masharti. "Lakini, Bwana Dadi," akasema, "kuni zako ziliponyeshewa, ulimlalamikia nani?"

Hapo mimi, mgeni, nikaomba nafasi. Nilinena! Nilizungumzia chuma, jasho la babu, mwanamume na moto wake. Watu walipiga makofi na vigelegele, wengine wakasimama juu ya viti. Nikarudi kwa Siwema nimevimba kama andazi.

"Wamekushangilia?" akauliza.

"Kupita kiasi."

"Basi umeshindwa, kaka. Kwetu anayeshangiliwa hoja yake hutupwa, maana makofi hulevya. Bi Kazija hakupigiwa hata kofi moja, si ndiyo?"

Niliudhika, nikatoka nje kukaa na tanuri langu. Na katika kuudhika huko ndipo nilipofanya nililofanya.

Siwema alikuwa amenipa lile neno la Shomvi, nimsaidie kuingiza madonge anapokwenda kununua unga. Kesho yake, mkesha wa sikukuu, alipokwenda, nikasimama mbele ya dirisha nikalibadilisha. Nilijiambia ni kwa usalama wake. Mtaa mzima unalijua jina la mtoto, ni hatari! Nikatunga neno ambalo hata shetani asingelibahatisha. Lilikuwa na tarakimu, lilikuwa na sungura, na alama isiyotamkika niliitamka kwa kukohoa. Dirisha lenyewe likanisifu kwamba ni neno imara sana. Siku hiyo alirudi akakanda tu hadi usiku, dirisha halikuguswa tena. Nilikusudia kumwambia dada yangu. Kweli nilikusudia.

Asubuhi ya sikukuu mtaa ulijipanga mlangoni kuanzia alfajiri, watu wamevaa mapya, watoto wamepakwa mafuta. Siwema alikuwa na madonge yamejaa meza. Nikamwomba mkate wa kwanza utoke kwenye tanuri langu, kwa heshima ya ukoo. Alinisogezea donge moja. Akasema, "Haya kaka, wa kwanza tu," kwa upole wa mtu anayemkubalia mgonjwa.

Nikawasha. Kuni zilikuwa mbichi, tanuri lilikuwa limegongwagongwa njia nzima. Likapata moto, likaguna, likapasuka kuanzia mlangoni hadi mgongoni kwa mlio uliowafanya watu wainame. Mbele ikaanguka. Moshi ulipotulia, mkate wa heshima ulikuwa mkaa, na mimi nyusi moja sina.

Mtaa ulicheka, naye Siwema akacheka kidogo. "Haya, tumeshacheza," akasema, akaligeukia dirisha. "Shomvi."

Dirisha halikufunguka.

"Shomvi," akarudia, kwa sauti ya juu. Shomvi mwenyewe akaitika huko nje. Dirisha kimya.

Siwema akageuka polepole. "Kaka."

"Ni kwa usalama," nikasema.

"Kaka, umefanya nini?"

Nikamwambia asijali, neno ninalo. Nikasimama dirishani. Nikasema tarakimu, sungura, nikakohoa. Kimya. Labda sungura alitangulia? Nikamtanguliza sungura. Kimya. Labda nilikohoa vingine. Nikakohoa kikohozi cha pumu, kirefu, kwa moyo wote. Dirisha likajaa ukungu, maandishi yakatokea: makosa yamezidi, subiri afisa.

Sijawahi kumwona dada yangu akiniangalia vile. "Watoto wangu wanakula humu, Ngwali!" Hakuniita kaka. "Nilikuita ukande! Nani alikutuma kugusa neno langu?" Akaketi juu ya gunia la unga, madonge yanafura mezani. Nje watu walikuwa wameacha kucheka. Jua lilikuwa limeshapita paa la jirani.

Bi Kazija alifika kwa miguu yake, hajakimbia wala hajachelewa. Akalitazama dirisha, akanitazama nyusi.

"Aliyeweka neno ni wewe?"

"Ni mimi, lakini dirisha ni la dada yangu. Mfungulieni yeye."

"Sheria inamtaka aliyeweka. Nitajuaje kwamba wewe ndiye wewe, si mwizi aliyevaa sura yako?"

"Niulize chochote! Jina la bibi yangu, shule niliyosoma..."

"Hayo mwizi huyajua," akasema. "Tumekutana na wezi wengi, Bwana Ngwali. Wamejua majina ya bibi, siku za kuzaliwa, hata makovu. Kuna jambo moja tu hakuna mwizi aliyewahi kulifanya: kusema mbele za watu neno la kweli linalomshusha yeye mwenyewe. Mwizi huja kuchukua, haji kupoteza. Basi sema kitu kinachokugharimu, nami nitajua ni mwenyewe."

Nikawaza haraka. "Mimi nina huruma kupita kiasi."

"Hilo mwizi angelisema."

"Nawaamini watu upesi mno."

"Hilo angelisema kwa machozi."

"Basi mimi ni mbishi."

"Hilo mtaa mzima unalijua. Halikugharimu kitu."

Watu wakaguna. Bwana Dadi alikuwa mbele kabisa, na sahani yake mkononi. Hata yeye alikuwa akinihimiza kwa macho. Kivuli cha mlango kilikuwa kimebaki chembamba. Nikamtazama Siwema pale guniani. Alikuwa ameyafumba macho na midomo inamcheza, nikajua anaomba.

"Mkate wake ni mzuri kuliko wangu," nikasema.

Bi Kazija aliinua muhuri, hakuugonga. Alingoja.

"Niliujua siku ile niliyofika, alipotoa ule wa kwanza. Nikasema si mbaya, nikaomba maji, ili ageuke asinione uso. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika unga, na amenipita, na sikuweza kumwambia." Sauti yangu ilianza kunitoroka lakini nilishaingia na sikuwa na pa kutokea. "Na kwetu hakuna anayenunua mkate wangu. Sikuja kumsaidia. Nilikuja nipate mtu mmoja duniani ambaye bado ananihitaji. Nilipoona hanihitaji, nikabadilisha neno, ili siku moja akwame aje aniombe. Hiyo habari ya usalama ni uongo. Nilitaka aniombe."

Bwana Dadi akashusha sahani yake. Kama ningepewa kuchagua kati ya kusimama pale na kuingia ndani ya tanuri langu likiwa zima, ningeingia.

"Huyu ni mwenyewe," Bi Kazija akasema, akagonga muhuri ukutani. Ukungu ukafutika, dirisha likafunguka.

Siwema hakunitazama. Aliinuka akaagiza moto, akaagiza mwingi, mwingi kuliko alivyowahi kuagiza, na mlima ukampa. "Peleka," akaniambia, nami nikapeleka. Madonge yaliingia sinia kwa sinia, mikate ikatoka, watu wakanyoosha mikono, Bwana Dadi akala mitatu na kuulizia wa nne. Kivuli kilipomalizika mlangoni, wa mwisho kwenye foleni, bibi mmoja na mjukuu wake, walikuwa wanatafuna. Siwema akajifunika uso kwa kanga akalia, na watoto wake wakamng'ang'ania miguuni.

Bi Kazija alibaki mpaka watu walipotawanyika. Akamwambia Siwema aweke neno jipya. Siwema akamnong'oneza, mimi nikaenda kusimama mbali bila kuambiwa.

"Na huyu?" Bi Kazija akauliza, akinionyesha kwa muhuri. "Sheria inaruhusu mwenye dirisha kumpa msaidizi neno lake mwenyewe. Wewe unachagua aweze nini na asiweze nini. Au usimpe kabisa."

Siwema alifuta meza muda mrefu. Aliifuta hata palipokuwa pasafi.

"Mpe," akasema mwishowe. "Aweze kuingiza donge. Aweze kutoa mkate. Asiweze kubadilisha kitu chochote. Chochote kabisa, Bi Kazija, hata saa ya kuokea."

"Nimeandika."

Nilipewa neno fupi. Nikakanda donge langu mwenyewe, kwa namna yangu ya nyumbani, nikalisema lile neno, dirisha likanifungukia. Mkate ukatoka. Nikamkatia Siwema kipande nikamwekea mbele bila kusema kitu, maana nilikuwa nimeshasema vya mwaka mzima.

Alitafuna taratibu. Aliufikiria. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akanitazama usoni.

"Kaka," akasema, "unazidisha chumvi. Umezidisha siku zote."

Miaka yote ile kwetu watu walikuwa wakinunua mara moja, kisha wanapita na njia ya nyuma, wakiniamkia kwa heshima kutoka mbali, na hakuna hata mmoja aliyesimama akaniambia. Nikavuta gunia la unga, nikaanza upya.